Fundi Cherehani Niliyemwangusha kutoka Ghorofani

Siku yangu ya kwanza kazini nilimtupa mama wa watu kutoka ghorofa ya thelathini. Naanza na hilo kwa sababu hata nikinyamaza mtalisikia kwa wengine, na wengine huongeza chumvi. Mimi nawapa bila chumvi.

Mama mwenyewe ni Mama Salome, fundi cherehani wa hapa Unyambwa, yule mwenye kibanda cha bluu jirani na mashine ya kusaga. Kama ulisoma shule ya msingi katika kata hii, mshono wake umewahi kukukaa mgongoni. Siku hiyo alikuwa amesimama katikati ya darasa la watu wazima, amevaa miwani ya uhalisia pepe. Hamjaishika bado, kwa hiyo nawaambia: ni dude jeusi linaloziba macho yote mawili kama miwani ya mchomelea vyuma. Ukishalivaa huoni tena darasa. Unaona dunia nyingine iliyotengenezwa na watu, na ukigeuza shingo nayo inageuka. Mwalimu alikuwa ameniambia nimfungulie Mama Salome bustani ya maua. Mimi, kwa kutumia simu ya darasa inayoongoza miwani yote, nikamfungulia ubao mwembamba uliochomoza juu ya ghorofa, magari chini kama siafu. Alikuwa bado amefumba macho kwa woga. Nikamnong'oneza sikioni, "Fungua macho, mama. Piga hatua moja mbele, kuna waridi."

Akafungua macho na akapiga hatua.

Alianguka kutoka kwenye urefu wake mwenyewe tu, lakini mwili haukujua hilo. Macho yakisema unaanguka, mikono haiombi ushahidi wa pili. Mkono wa kulia ukatangulia kwenye sakafu ya saruji na kifundo kikateguka. Na mkono wa kulia wa fundi cherehani si mkono tu, ni duka.

Nilikuwa nimeshaanza kucheka. Kicheko kiliniishia mdomoni nikabaki nimeuacha wazi. Mwalimu aliponiuliza kulikoni, nikasema, "Imejifungulia yenyewe." Nilisema hivyo haraka sana, na kwa sauti ya mtu anayeonewa.

Sasa nimestaafu. Chekeni mmalize. Nina miaka kumi na saba, nimefanya kazi mwaka mmoja na nusu, sina pensheni wala saa ya ukutani ya kuagwa. Lakini mama yangu amesema kidato cha nne hakina utani, na Mwalimu Lightness amekubaliana naye. Kuanzia Jumatatu miwani minne, chupa ya spiriti ya kuifutia na ufunguo wa kabati viko mikononi mwenu, wadogo zangu wa kidato cha pili. Mwalimu aliniomba niwaandikie maelekezo. Maelekezo yamebandikwa ukutani, yasomeni. Haya ni yale ambayo ukutani hayapo.

Kazi yenyewe sikuiomba. Mkuu wa shule aligundua kwamba kompyuta ya ofisini imeanza kuzungumza Kichina, akafuatilia, njia ikaishia kwenye dawati langu. Wiki hiyohiyo Mwalimu Lightness, binti wa Iguguno aliyetoka chuo na masanduku mawili ya vifaa, alikuwa amekuja kuomba chumba cha kufundishia watu wazima kila saa kumi jioni, na mwanafunzi mmoja anayeelewa mitambo. Mkuu wa shule akamwambia, "Ninaye mmoja. Ama wewe umpe kazi, ama mimi nimpe polisi."

Mwalimu Lightness akanitazama kuanzia viatuni. "Unajua kufundisha?"

"Najua kila kitu, mwalimu."

"Basi hujui. Njoo kesho."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Kesho yake ndiyo siku ya ghorofa.

Niwaeleze kwa nini watu wazima tisa, wenye mashamba na watoto na miguu inayouma, walikuwa wanaacha shughuli zao kuja kuvaa madude meusi. Kuna kampuni huko Dodoma inayotengeneza mafunzo ya miwani. Muuguzi anajifunza kumhudumia mama mjamzito kabla hajamgusa mama wa kweli. Dereva wa mtambo anabomoa ukuta wa hewa kabla hajapewa ufunguo. Kampuni hiyo ilikuwa inachukua watu wawili kutoka kila kituo, ikae nao miezi sita ikiwafundisha kazi huku ikiwalipa. Sharti lilikuwa moja: uoneshe chumba ulichokitengeneza mwenyewe, mgeni akivaa miwani aingie humo. Siku ya kuonesha ilikuwa wiki tano mbele.

Mama Salome aliitaka nafasi ile kuliko wote, na hakuficha. Sare za dukani zilikuwa zimeanza kuja mjini zikiwa zimeshashonwa, zimekunjwa kwenye nailoni, na cherehani yake ilikuwa inanyamaza siku nzima nzima. Nusu saa kabla sijamwangusha, Mwalimu Lightness alikuwa ameeleza kwamba watu unaowaona ndani ya miwani nao huvalishwa nguo, na nguo hizo hukatwa vipande na kuunganishwa kwa mshono, kama za kweli, ila kwenye kompyuta.

Mama Salome akanyoosha mkono, ule wa kulia. "Kwa hiyo hao watu wa humo wana shida ya fundi?"

"Wana shida sana, mama. Wengi nguo zao zimewagandia kama rangi ya ukuta."

"Basi mimi nimefika," akasema, na akawa wa kwanza kusimama kuvaa miwani. Mnaona nilichokigusa.

Tulimpeleka zahanati, na muuguzi wa zamu pale zahanati ni mama yangu mzazi. Nilikaa kwenye benchi la nje nikiwasikia ndani wakiongea Kinyaturu kwa sauti ya chini, nisipate maneno. Mama alipotoka hakunigombeza, na hilo lilinitisha. Akasema, "Wiki nne mkono usifanye kitu. Na wewe kuanzia kesho ukitoka shule unapita kwake. Maji, kuni, vyombo."

"Mama, mimi nina kazi darasani."

"Darasa ni saa kumi. Shule mnatoka saa nane na nusu. Hapo katikati ndipo kwa Mama Salome."

Siku ya kwanza nilisukuma mlango wake nikaingia na ndoo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono umefungwa kwa kipande cha kitenge. Hata kipande hicho alikuwa amekipinda pindo, sijui kwa mkono gani.

"Rudi," akasema.

"Nimeleta maji, mama."

"Nimeyaona. Rudi nje, upige hodi."

Nikatoka, nikasema hodi, nikaingia.

"Rudi."

"Si nimepiga hodi?"

"Umepiga, hukusubiri. Hodi si honi ya bodaboda, kwamba ukishapiga watu wakupishe."

Nikatoka tena. Nikapiga hodi, nikasimama. Ndoo ilikuwa inanikata vidole. Nikahesabu pumzi kama tano hivi, ndipo nikasikia, "Karibu."

"Ulikuwa unafanya nini muda wote huo, mama?" nikamuuliza, maana mdomo wangu hauna breki.

"Nilikuwa navuta kanga," akasema. "Siku nyingine nitakuwa nafuta machozi. Siku nyingine sifanyi kitu. Wewe hayo hayakuhusu, wewe unasubiri."

Wiki nne nilisubiri pale mlangoni, kila siku. Kuna siku alinisahau kabisa, au alijifanya amesahau.

Tukirudi darasani: kosa langu kubwa kuliko ghorofa, ambalo nililirudia mara nyingi zaidi, ni kubonyeza. Ile simu ya darasa, ambayo sasa ni yenu, inaonesha kila anachokiona mvaaji, na ukitaka unaweza kumfanyia kila kitu kutoka humo: umfungulie, umsogeze, umgeuze. Mimi niliwabonyezea watu wote. Mtu akitafuta kitufe kwenye rimoti ya miwani, ile ya kushika mkononi, sekunde tatu, nimeshabonyeza. Nilijiona mwalimu mwepesi. Wiki ya pili Idrisa, dereva bodaboda, mtu mwenye kujua barabara zote mpaka za punda, akavua miwani akaniuliza, "Dogo, hii kitu naiendesha mimi au umenipakia?"

Mwalimu Lightness alisikia. Darasa lilipoisha akaniambia, "Weka mikono nyuma."

Nilidhani ananichapa. Nikaweka.

"Utafundisha hivyo. Mpaka mtu akuite kwa jina."

Jaribuni muone. Mtu mzima anahangaika mbele yako, kitufe kiko chini ya kidole chake gumba, na wewe mikono iko nyuma kama mfungwa. Mate yanakauka. Halafu anakipata, na ule uso, ingawa umefunikwa nusu, unaona kidevu kinapanda. Ukimbonyezea, kidevu hicho hukioni.

Tulikuwa na programu moja ya nyumba, ya kujifunzia kutembea. Ukivaa tu, unajikuta umeshasimama sebuleni kwa mtu: makochi, zulia, taa inawaka. Watu wa mjini huanza kufungua makabati. Kwetu, nusu ya darasa walikataa kusogea. Mzee Njiku, mfugaji aliyehamia kwa mwanawe kutoka upande wa Ihanja, alisimama kama mti.

"Nyumba ya nani hii?"

"Haina mtu, mzee. Tembea tu."

"Taa inawaka. Mtu yupo."

"Ni picha, mzee."

"Picha, lakini mimi nimo ndani." Akavua kandambili, akazisogeza kwa mguu zikae sawa, akaendelea kusimama. Mimi nilikuwa nacheka mpaka nikajishika ukuta. Kisha nikaona wenzake hawacheki. Walikuwa wanangoja wasikie imekuwaje. Nikajikuta nasema kwa sauti ya kawaida, "Karibu, mzee. Pita ndani." Akapiga hatua. Darasa zima likapita siku hiyo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja baada ya kuambiwa karibu. Andikeni hilo mahali: kabla hujamwingiza mtu mzima kwenye nyumba yoyote, mkaribishe. Haikugharimu kitu.

Mzee Njiku ndiye aliyenifundisha pia kwamba hawa hawaji mikono mitupu. Kuna programu ya shamba yenye ng'ombe. Aliwatazama muda mrefu, akasema, "Wanono. Ila huyu mwekundu ni mgonjwa."

"Hawaugui hao, mzee."

"Anatupa miguu ya upande mmoja kwa pamoja. Ngamia hutembea hivyo. Ng'ombe akitembea hivyo nampeleka kwa bwana mifugo."

Mwalimu Lightness aliirudia ile picha polepole, mguu kwa mguu, tukakuta kweli. Mtu aliyemchora ng'ombe yule hakuwahi kumfuata ng'ombe. Ndipo mwalimu akatuambia kwamba hiyo nayo ni kazi, kukaa na wachoraji na kuwaambia hiki si hivyo. Mkiulizwa kazi za miwani ni zipi, msianze na kompyuta. Semeni kuna wa kupiga picha kwa kamera inayoona pande zote mara moja, kuna wa kufinyanga maumbo, kuna wa sauti, kuna wa kushona, na kuna wa kumjua ng'ombe. Mtu mzima akisikia lake limo, anakaa vizuri kwenye kiti.

Mama Salome alirudi wiki ya pili. Hakuvaa. Alikaa dirishani, akasema, "Mimi naangalia tu." Siku tatu anaangalia tu. Watu wengine walikuwa wameshaanza vyumba vyao, na siku zilikuwa zinakwenda. Mwalimu Lightness hakumsukuma. Alinitazama mimi.

Usiku sikulala vizuri, lakini hilo si la kuwasimulia. Kesho yake nilifika mapema, nikasogeza madawati yote ukutani, nikaweka kiti kimoja chenye mikono katikati. Alipoingia nikaenda nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Leo sikuvalishi. Nakufundisha kuvua."

Akanitazama. Nikamwonesha: shika hapa mbele kwa mkono mmoja, wa kushoto unatosha, inua juu, imetoka. Akafanya. Nikamwambia arudie. Alirudia mara nne, na mara ya nne aliinyanyua haraka kama mtu anayefukuza nzi. Hilo nalo liandikeni: kuvua kwanza, kuvaa baadaye. Mtu anayejua mlango wa kutokea uko wapi, huyo ana hamu ya kuingia.

Kisha nikamwambia, "Sasa utakaa. Nitashika kamba ya nyuma, niko upande wa kushoto, sitahama. Utaona bustani. Ukiona kingine chochote, vua unipige nayo."

"Nitakupiga nayo," akasema, na hakuwa anatania.

Nikamfungulia bustani. Alizungusha kichwa taratibu, kushoto, kulia, akainama kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ambayo niliisikia mimi tu, "Kumbe kweli waridi lipo."

Ningepigwa kofi ningepona mapema zaidi.

Tukaanza kazi. Alichagua kutengeneza sebule ya nyumba ya kawaida ya huku, na bibi amekaa kwenye mkeka amevaa gauni la kitenge. Kwa mkono wa kushoto alikata vipande vya gauni kwenye magazeti, kifua, mgongo, mikono, mimi nikavipiga picha na kuviingiza kwenye kompyuta, kisha yeye mwenyewe, kwa mkono huohuo wa kushoto, akavifuatisha kwa kipanya na kuviunganisha. Alikuwa polepole. Mimi ni mwepesi, kwa hiyo siku moja alipokwenda chooni nikamalizia mabega yote mawili. Alirudi, akatazama kioo cha kompyuta.

"Fumua."

"Mama, yamekaa."

"Yamekaa kwako. Bibi wa miaka sabini bega lake linashuka. Umempa mabega ya mwanajeshi. Fumua."

Nikafumua. Siku nyingine nilisahau mshono mmoja wa ubavuni, tukabonyeza nguo ianguke mwilini, na gauni zima likateleza mpaka sakafuni. Darasa likageuka. Mama Salome akasema, bila hata kutabasamu, "Huyu mtoto sasa ameanza kuwavua bibi za watu." Idrisa alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilitamani kuingia kwenye kabati la miwani nijifungie.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa mlango. Hakutaka mgeni ajikute sebuleni kama kwenye ile programu. Alitaka mgeni aanzie nje, mbele ya mlango uliofungwa, juu ya kipande cha gunia la kufutia miguu. Na alitaka mlango ufunguke pale tu mgeni atakaposimama juu ya lile gunia bila kusogea wala kugusa kitu, kwa muda wa pumzi tano. Kuutengeneza ilikuwa rahisi, jioni moja tu. Nilichokataa ni wazo lenyewe.

"Mkaguzi wa kampuni atakuja ana haraka, mama. Atadhani imeganda. Utakosa nafasi kwa sababu ya mlango."

"Wenzako hapa wote wameingia."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumewajaribisha darasa zima. Mzee Njiku, Idrisa, wote: walipiga hodi kwa mdomo, wakasimama, mlango ukafunguka. Hakuna aliyeona cha ajabu.

"Hawa ni watu wa hapa," nikasema. "Yule ni mtu wa kompyuta."

"Hana kwao?"

Nikamwendea Mwalimu Lightness nikitegemea ataniunga mkono. Akasema, "Chumba ni cha nani?" Nikasema cha Mama Salome. Akasema, "Basi."

Siku ikafika. Mkaguzi alikuwa kijana, shati limechomekewa, saa kubwa mkononi, na vituo vingine viwili vilikuwa vinamngoja siku hiyohiyo. Mwalimu Lightness alitutangazia mbele yake: hakuna kumsaidia, hakuna kumwelekeza, atakachokiona ndicho hichohicho. Aliingia chumba cha Idrisa, stendi ya bodaboda yenye sauti zote, mpaka ya konda wa daladala jirani anayegombana na abiria. Akatabasamu. Akaingia zizi la Mzee Njiku. Akaandika. Kisha Mama Salome, mkono wake umeshafunguliwa bandeji lakini ameushika kwa ule mwingine, akamkabidhi miwani.

Mimi ndiye nilikuwa na simu. Nilikuwa naona anachokiona. Akafika mbele ya mlango, akaelekeza rimoti, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Akasogea kushoto akatafuta dirisha. Akarudi. Akazunguka nyuma ya nyumba, ambako hatukuwa tumejenga kitu, akakuta weupe mtupu. Akarudi mbele.

"Huu mlango umeganda," akasema.

Akaugonga kwa rimoti.

"Mwalimu, umeganda."

Mwalimu Lightness alitazama sakafu. Mama Salome alikuwa anamtazama yule kijana, midomo imebana, na niliona kidole chake cha kulia kinasugua kifundo palepale kilipoteguka. Kwenye simu yangu kulikuwa na kitufe kimoja. Kufungua. Kilekile nilichobonyeza siku ya ghorofa. Ningekigusa, mlango ungefunguka, mkaguzi angefurahi, hakuna ambaye angejua. Kidole changu kilikuwa juu yake tayari.

Nikaigeuza simu kifudifudi kwenye dawati, nikaweka mikono nyuma.

Sijawahi kusubiri hivyo hata kwenye matokeo. Yule kijana alibonyeza mara mbili tatu tena. Kisha akashusha pumzi, akaiacha mikono ianguke pembeni, akasimama tu, kama mtu aliyekata tamaa juu ya gunia la watu. Moja. Mbili. Nilikuwa nahesabu kwa midomo. Idrisa naye alikuwa anahesabu, nilimwona.

Mlango ukafunguka. Sauti ya Mama Salome, tuliyoirekodi ndani ya blanketi ili upepo usiingie, ikasema, "Karibu. Pita ndani."

"Ahsante. Shikamoo," akasema yule kijana, kwa sauti nyingine kabisa, ndogo, na mguu wake mmoja ukaanza kukivua kiatu. Akajishtukia, akaacha.

Alikaa ndani ya chumba kile muda mrefu kuliko vyumba vingine vyote. Alichuchumaa mbele ya bibi, akanyoosha mkono hewani kugusa pindo la gauni. "Nani ameshona hii?"

"Mimi," akasema Mama Salome.

"Kwa kutumia nini?"

"Magazeti kwanza."

Alipovua miwani uso ulikuwa na alama nyekundu za sponji. Akasema kwa heshima, "Mama, kazi ni nzuri sana. Ila mlango ule ni tatizo. Mtu atafikiri kifaa kimeharibika."

"Mwanangu, nasikia mnawafundisha wauguzi."

"Ndiyo, mama."

"Watakwenda majumbani kwa wagonjwa?"

"Wapo watakaokwenda."

"Wataingia hivi ulivyotaka kuingia wewe?"

Kijana alifungua daftari lake, akaandika, na aliandika kwa muda. Kisha akaaga, akapanda gari lake, vumbi likabaki.

Baada ya wiki moja simu ikaja kwa Mwalimu Lightness. Waliochukuliwa ni Idrisa na Mama Salome. Darasa lilifanya sherehe ndogo, soda na karanga, siku moja kabla ya safari. Mwalimu Lightness alisimama akaeleza tulikotoka. Akafika kwenye siku ya kwanza. "Wote tuliogopa," akasema, "siku ile kifaa kilipojifungulia chenyewe, fundi wetu akaumia. Lakini mnamwona huyu kijana. Si yeye aliyekosea, na bado alichota maji wiki nne. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Mzee Njiku alisimama kabisa. Mama Salome naye alipiga, polepole, kwa ule mkono, akinitazama. Nilishika chupa ya soda kwa mikono miwili na sikuweza kunywa. Nawaambieni, makofi usiyostahili yanauma kuliko fimbo, kwa sababu fimbo unaweza kukimbia.

Nilirudi nyumbani jua likiwa bado lipo. Mama alikuwa ametoka zamu, amekaa kibarazani anachambua mchele kwenye ungo. Nikakaa chini mbele yake. Sikujua pa kuanzia, nikaanzia katikati.

"Mama, haikujifungulia. Nilibonyeza mimi. Makusudi. Nilimwambia apige hatua ili aanguke nicheke."

Hakusimamisha vidole. Alitoa kijiwe kimoja, akakitupa, akatoa kingine. Kisha aliniambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza:

"Anajua. Aliniambia palepale namfunga bandeji, akasema tusikuulize. Ila hajakusikia wewe ukisema, na basi lake linaondoka asubuhi."